Gari la Kushushwa

Kesho asubuhi Selemani angepandishwa kizimbani, na Inspekta Magreth hakuwa na amani na kesi yake mwenyewe.

Kila kitu kilikuwa kimekaa sawasawa, na hilo ndilo lililomkera. Jumamosi moja jioni, mkulima wa Mpapura aitwaye Hamisi alikuwa akirudi kutoka shambani kwa baiskeli, amefunga mzigo wa mihogo nyuma. Gari likamgonga, dereva hakungoja, na Hamisi akafia kando ya barabara. Shahidi alikuwa mmoja tu, dereva wa bodaboda aitwaye Nassoro. Alisema aliona gari la kushushwa. Katika mji wenye bandari maneno hayo hayahitaji mkalimani: gari lililoshushwa melini, bado bichi, halijaijua hata barabara. Magreth alianzia Kilambo, kwenye magari yanayoshushwa kivukoni kutoka upande wa Msumbiji, akarudi mikono mitupu na vumbi hadi masikioni. Akahamia bandarini. Huko ndiko alikompata Selemani.

Selemani kazi yake ilikuwa kupeleka magari kwa wenyewe. Jioni ileile alikuwa amepeleka pikapu iliyotoka melini kwa mnunuzi mmoja wa korosho Nanyamba, na njia yake ilipita Mpapura. Pikapu ilikuwa na mkwaruzo mbele. Selemani aliapa kwamba mkwaruzo ule aliukuta bandarini, na kila dereva duniani huapa hivyo. Mkuu wa upelelezi alifurahi, mwanasheria wa serikali alifurahi, na Selemani akawekwa mahabusu.

Kilichokataa kufurahi ni mguu wa marehemu. Daktari alisema mfupa ulivunjika chini kabisa, juu kidogo ya kifundo. Magreth alikwenda akasimama mbele ya pikapu, bampa ikamfika juu ya goti. Akaenda kuitazama baiskeli. Pedali ilikuwa imepinda na sahani ya mnyororo imepondeka, lakini fremu ya juu ilikuwa nzima, hata rangi haikubanduka. Ili pikapu ile imvunje Hamisi kifundo, ingebidi Hamisi awe anaendesha baiskeli yake hewani.

"Nataka kumsikia yule bodaboda kwa masikio yangu," alimwambia Koplo Baraka asubuhi ile.

Baraka ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye tukio. Magreth alikuwa kitandani na homa, na kijana yule alijitolea kwenda kabla hajatumwa.

"Kuna haja, afande? Maneno yake nilikuletea yote."

"Uliniletea. Leo nayafuata mwenyewe. Gari la ofisi liko wapi?"

"Limekwenda Nanyamba na mkuu."

"Basi tutakwenda na lako."

Baraka alilichungulia gari lake dirishani, halafu akatoa funguo. Gari lake lilikuwa dogo, la kijivu, na kituoni walimtania kwamba analipenda kuliko mkewe. Magreth hakuupenda utani huo, kwa kuwa mke huyo alimwoza yeye. Yeye na marehemu mumewe ndio waliokuwa wasimamizi wa ndoa ya Baraka na Lucy, wakasimama nao mbele ya padri, wakaahidi kuwalea. Magreth mtu wa Iringa, Baraka mtu wa Songea, wote wageni Mtwara, na mgeni akipata ndugu ugenini humshika kwa mikono miwili. Tangu siku ile Baraka alimwita afande kazini na mama nyumbani, na hakuwahi kukosea mahali.

Walipotoka mjini, barabara ilinyooka katikati ya mikorosho, lakini usukani wa Baraka haukunyooka nayo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, wa kushoto chini, mithili ya mtu anayekata kona isiyoisha.

"Usukani wako umekaa kombo," alisema Magreth.

"Mashimo, afande. Barabara za mitaani zimenimaliza."

"Ulikuwa unaachia mikono kabisa, uniringie kwamba linakwenda lenyewe."

Baraka alicheka. "Utoto ule."

Walipofika Mpapura, Baraka aliegesha nyuma ya duka la kwanza, mbali na kijiwe cha bodaboda, akafungua boneti. Alisema rejeta inataka maji. Magreth hakuwa na haja ya kusindikizwa, akaenda kwa miguu.

Nassoro alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake mbele ya ghala la korosho, ananyonya bibo, maji yake yanamtiririka hadi kiwikoni. Alilitupa bibo, akafuta mkono kwenye suruali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni Inspekta Magreth, natoka mjini. Nieleze tena lile gari."

"Si nilishaeleza? Gari la kushushwa. Lina macho ya njano huku chini, yalinipiga usoni hata namba sikuiona."

"Ulijuaje kwamba limeshushwa? Lilikuwa na karatasi za bandari kwenye kioo?"

Nassoro alimtazama, halafu akawatazama wenzake wawili waliokuwa kijiweni. Mmoja wao aligeukia pembeni kuficha kicheko.

"Bandari tena, mama?"

"Umesema limeshushwa."

"Limeshushwa, eee. Limekaa chini." Nassoro alishuka kwenye pikipiki, akachuchumaa, akakilaza kiganja chake juu kidogo ya mchanga. "Wanatoa springi ndefu, wanaweka fupi. Gari linalala. Vijana wa mjini ndiyo raha yao. Wakija huku kwetu wanakwaruza matumbo tu."

"Si la kushushwa melini."

"Kwani mimi nilitaja meli?"

Hakuitaja. Magreth aliona haya, haya ya mtu mzima, zile zinazopanda taratibu na kukaa. Amemfungia mtu kwa neno alilolielewa nusu, na nusu hiyo akaijaza mwenyewe kwa ujuaji wake.

"Yule askari aliyekuja mwanzo, ulimwonyesha hivi kwa mkono?"

"Yule hakuhitaji kuonyeshwa. Nilipotaja kushushwa tu, akachuchumaa yeye mwenyewe, akaweka mkono, akaniuliza, limeshuka kiasi hiki? Nikamwambia hapohapo. Anayajua yule. Tukaongea springi mpaka hawa wakanicheka."

"Na taa?"

"Za taa aliniuliza sana. Kama nina hakika ni za njano. Kama namjua mwenye gari. Nikamwambia simjui, akanipa mkono akaondoka."

Magreth aligeuza macho kuelekea dukani. Boneti ilikuwa bado wazi, na Baraka alikuwa ameinamia injini ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

"Nionyeshe lilikopita," alimwambia Nassoro.

Palikuwa na tuta la lami pale kijiji kinapoanzia. Mgongoni mwake palikuwa na michirizi miwili mirefu, imekwenda sambamba, na ndani ya mmoja chuma kilikuwa kimeacha wekundu wa kutu. Magreth alipiga goti, akapitisha kidole. Pikapu ya Selemani ingelipita tuta lile bila kuligusa, hata kama ingebeba mawe.

"Hapa lililia kraa," alisema Nassoro, "ndiyo nikageuka. Likaondoka hivi, linakwenda kushoto, analirudisha. Linakwenda kushoto tena, analirudisha. Nikajua kalewa. Kule mbele mzee Hamisi alikuwa kajibanza ukingoni kabisa na mihogo yake. Halikurudishika."

"Likasimama?"

"Lilisimama. Mlango ulifunguliwa. Mimi nilidhani anamsaidia, nikawa nahangaika kuwasha pikipiki niende. Nikasikia mlango unafungwa."

Hilo nalo Magreth hakuwahi kuletewa.

Aliporudi dukani, Baraka aliteremsha boneti na kujifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka.

"Kasemaje, afande?"

"Yaleyale. Gari la kushushwa."

"Si nilikuambia?" Baraka alishusha pumzi. Alifungua mlango wa upande wa Magreth, kwa adabu yake ya siku zote.

Ilikuwa mara ya kwanza Magreth kumdanganya kijana yule, na uongo ulimtoka kirahisi kuliko alivyotarajia. Njiani alipanga hesabu yake. Baraka aliijua maana ya neno, akalileta neno bila maana yake. Kwa hiyo kuna mtu anamfichia. Rafiki labda, au mtoto wa mkubwa fulani aliyemwekea mkono begani na kumwomba anyamaze. Kosa kubwa, lakini kosa la ujana. Angemkalisha chini, angemkaripia mpaka alie, kisha angemwombea kwa mkuu. Ndivyo alivyokuwa anawaza, huku mikono ya kijana ikiwa mbele ya macho yake, mmoja juu, mmoja chini, na barabara imenyooka hadi upeo wa macho.

"Mjini magari yanashushiwa wapi siku hizi?" aliuliza, kana kwamba anatafuta mazungumzo.

"Kushushwa vipi, afande?"

"Basi, tuache."

Baraka aliegesha uani kwa kituo. Magreth alisubiri aingie ndani, akatoka kwa lango la nyuma, akapanda bajaji hadi mtaa wa Magomeni, kwenye karakana ya Sudi.

Sudi alikuwa mtu mnene, msemaji, aliyesomea ufundi Dar es Salaam na kutundika cheti chake ukutani juu ya mashine ya kupimia matairi. Vijana wote wa mjini waliotaka gari lao lipendeze walipita kwake. Alimkaribisha Magreth kwa soda, na Magreth akaikataa.

"Unashusha magari, Sudi?"

"Nashusha, napandisha, naweka taa za ukungu, rimu, muziki. Siyo kosa, inspekta."

"Sijasema kosa. Nataka kujifunza. Mtu akikuletea gari ulishushe, unafanyaje?"

Sudi alikuwa hajawahi kuombwa somo na polisi, akanenepa zaidi. "Natoa springi zake, naweka fupi. Zake namfungia kwenye kiroba anaondoka nazo, maana kesho atazitaka. Sasa, gari likishuka, miguu ya mbele inabadilisha mkao. Matairi hayasimami tena yalivyosimama. Kwa hiyo lazima lipande kwenye mashine hii, lipigwe alaimenti. Lakini siyo siku hiyohiyo. Springi mpya lazima zikae kwanza. Namwambia mteja, tembea nalo taratibu hapahapa mjini, halafu urudi nikunyooshee."

"Asitoke nje ya mji."

"Asithubutu. Linavuta. Ukilegeza mkono kidogo linakwenda linakotaka lenyewe."

"Na asiporudi?"

"Matairi yanaliwa upande wa ndani, usukani unakaa kombo."

"Na kama amebadilisha mawazo, akarudisha springi zake za zamani kwa kificho, uani kwake?"

"Hapo ndiyo kabisa. Ukigusa springi umegusa alaimenti. Ulishushe, ulipandishe, mashine ni palepale. Anaweza kuona gari limerudi kama zamani, lakini kamuulize usukani."

"Kombo vipi? Nionyeshe."

Ukutani kulikuwa na usukani mkuukuu umetundikwa. Sudi aliutoa, akaushika mbele ya tumbo lake. "Tuseme barabara imenyooka, gari linakwenda mbele. Lakini mimi nimekaa hivi." Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, wa kushoto chini.

Magreth aliitazama mikono ile kwa muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji. Alivuta tairi lililokuwa karibu, akalikalia bila kujali gauni lake safi. Hakutaka kuamini. Alitafuta haraka sababu nyingine ya usukani kukaa kombo, akakumbuka mashimo, na akakumbuka pia nani aliyemtajia mashimo hayo.

"Inspekta, nikuletee ile soda?"

"Sudi, sikuulizi uliwashushia nani magari. Nakuuliza nani hakurudi kupiga alaimenti."

Sudi aliurudisha usukani ukutani, akahangaika nao kuliko ulivyostahili.

"Wateja wangu wanarudi."

"Wote?"

"Mimi nataka kuishi na watu vizuri, inspekta. Mji mdogo huu. Wewe una kofia, mimi nina spana tu."

"Kuna mtu kesho anasimama mbele ya hakimu kwa gari ambalo hakuliendesha. Akitoka humo atakuwa hana kazi tena, labda hatatoka. Nani hakurudi?"

Kelele za karakana ziliendelea nyuma yao, mtu anagonga chuma, redio inaimba. Sudi alikwenda akaifunga redio. Aliporudi, hakumtazama usoni.

"Wahenga walisema kikulacho..." alisema, akaishia hapo.

Mswahili hamaliziwi methali hiyo. Anaifahamu tangu hajaota meno. Kinywa cha Magreth kikajimalizia chenyewe, kwa sauti ndogo.

"Ki nguoni mwako."

"Mimi sijataja mtu," alisema Sudi.

"Hujataja. Taa uliweka wewe?"

"Mimi. Za njano. Nilimwambia nyeupe zinampendeza zaidi, akakataa. Gari lilitoka hapa Ijumaa. Jumatatu hakuja. Nikampigia simu kumkumbusha, akaniambia niwe na subira, ameshikwa na kesi kubwa."

"Kesi gani, hakusema?"

"Alisema kuna mtu amemgonga mkulima Mpapura akakimbia. Nami nikampa pole ya kazi."

Magreth aliinuka, akajikung'uta. Alimwambia Sudi kwamba ataitwa kuandika maelezo, na Sudi akaitikia kwa kichwa, unene wote wa somo umemtoka.

Gari la kijivu lilikuwa uani kwa kituo, upande wa kivuli. Magreth hakuingia ofisini. Alichuchumaa mbele ya bampa. Kila upande palikuwa na kifuniko cha plastiki, cheusi, kinang'aa, wakati bampa yenyewe ilikuwa imechakaa kwa jua. Alikichokonoa kimoja kwa ufunguo wa nyumba yake hadi kikang'oka. Ndani ya tundu nyaya mbili zilikuwa zimekatwa na kuviringishwa utepe mweusi wa umeme, vizuri, kwa mkono wa mtu nadhifu. Kwenye ukingo wa tundu kulikuwa na kipande cha kioo kilichobana, kidogo kuliko ukucha. Kilikuwa cha njano.

"Mama."

Baraka alikuwa amesimama mlangoni. Ilikuwa saa ya kazi.

Magreth hakuinuka. "Njoo uchuchumae hapa," alisema. "Weka mkono. Nionyeshe lilikuwa limeshuka kiasi gani."

Baraka alikuja, lakini hakuchuchumaa. Alikitazama kifuniko kilichokuwa chini, halafu dirisha la ofisi ya mkuu, halafu lango.

"Sikukudanganya, mama. Neno nilipewa, nikakuletea lilivyo. Sikupunguza wala sikuongeza."

"Ulijua maana yake."

"Wewe ndiye uliyesema bandarini. Ulikuwa kitandani, nikakuambia gari la kushushwa, hata sijakaa ukasema, basi ni bandarini au Kilambo. Mimi nilinyamaza tu."

"Ukanipeleka Kilambo, ukanibebea na maji ya kunywa njiani."

"Ningefanyaje?"

"Ungefungua mdomo, Baraka. Ulikuwa na njia nzima ya kwenda na ya kurudi."

Kijana alijipangusa uso kwa kiganja. Aliposema tena, maneno yalimtoka yakigongana. "Nilikwenda kulijaribu tu. Sudi aliniambia nisitoke mjini, nikaona barabara ya Mpapura ndiyo nzuri. Lilianza kuvuta tangu kule nyuma. Nikasema nafika tutani nageuza. Lilipokwaruza nikaangalia chini, sijui niliangalia nini, na likavuta. Nilimwona mzee, nikapindisha, halikuitika."

"Ulishuka."

"Nilishuka."

"Alikuwa hai?"

Baraka alikisukuma kifuniko kwa ncha ya kiatu.

"Nakuuliza kama alikuwa hai."

"Aliniita," alisema Baraka. "Aliniambia, mwanangu, nishike mkono."

Magreth alikiokota kile kifuniko. Amehoji wauaji, wezi wa mifugo, baba mmoja aliyemzika mwanawe uani, na hajawahi kutokwa na machozi mbele ya mtuhumiwa. Siku ile yalimtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa hasira yake ilikuwa kubwa kuliko aibu yake. Alikuwa amemchukua kijana huyu mikononi mwa padri. Amemfundisha yeye mwenyewe jinsi ya kumuuliza shahidi, na kijana akaitumia elimu hiyo kumpima shahidi kama anaweza kumtambua.

"Mama, kesho tu ipite," alisema Baraka.

"Kesho ya nani?"

Magreth aliinuka, akanyoosha mkono, na Baraka akampa funguo za gari, halafu pingu zake mwenyewe kutoka kiunoni, maana aliujua utaratibu. Waliingia wote kwa mlango wa mbele. Kwenye kaunta alikuwapo Sajini Kasiani, aliyekuwa anakula korosho za kuchoma, na alipoona nani amemleta nani aliacha mkono katikati ya njia ya mdomo.

"Pokea mtuhumiwa, sajini," alisema Magreth. "Kifo cha Hamisi wa Mpapura. Mkanda, viatu, simu. Mweke chumba cha mwisho."

"Afande, huyu ni Baraka."

"Namjua kuliko wewe. Andika."

Mkuu wa upelelezi alirudi kutoka Nanyamba akamkuta ofisini kwake. Alisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza kama jambo hili lisingeweza kusubiri mpaka wajipange, na Magreth akamjibu kwamba limekwisha kuandikwa na Kasiani, tena kwa wino. Mkuu aliketi, akanyanyua simu kumtafuta mwanasheria wa serikali, akasema Selemani aachiwe.

Magreth alikwenda mwenyewe kumfungulia. Selemani alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa Mikindani, na mahabusu ilikuwa imemwinamisha. Alitoka akiwa ameshika shati lake mkononi.

"Kesho huendi mahakamani," Magreth alimwambia. "Hukufanya wewe. Kosa ni letu, na mimi ndiye niliyelianzisha. Nisamehe."

Selemani hakuruka wala hakucheka. Alilivaa shati lake, akaanza kufunga vifungo, akakosea, akaanza upya.

"Hakika si mimi?" aliuliza.

"Hakika."

"Maana nilikuwa nimeshakubali, mama. Kesho nilikuwa nakiri."

"Kukiri? Nani aliyekuambia ukiri?"

"Koplo wako. Kila asubuhi alikuwa ananiletea chai na chapati, anakaa hapo nje ya nondo, ananisemesha. Wengine humu hata salamu hawakunipa. Ananiambia, kaka yangu, ukibishana na serikali utaozea ndani. Kiri, hakimu atakuonea huruma. Ananiambia nijaribu kukumbuka vizuri, tuta lilikuwa hapa, mzee alikuwa pale, mihogo ikamwagika hivi. Mpaka nikaanza kumwota. Nikaona basi, labda kweli nilimgonga na sikujua."

Magreth aligeuka. Alitazama mwisho wa ujia, kwenye mlango wa chumba cha mwisho.

"Yuko wapi?" aliuliza Selemani. "Nimuage. Amenifaa sana yule."

"Yumo mle."

Selemani alikwenda hadi kwenye nondo, uso wake umekunjuka kwa mara ya kwanza. "Koplo, wananiachia," alisema, akapenyeza mkono ndani kumshukuru, na akabaki ameunyoosha hivyo mpaka macho yake yalipozoea giza, akaona kwamba koplo hana mkanda wala viatu.